Bado soli inakuja kwa fundi

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anasema printa za pande tatu (3D) zinazochapa plastiki moja kwa moja juu ya kitambaa zitatumaliza sisi mafundi wa viatu. Mimi nashona raba hapa Kibuye, Kisumu, na mashine hiyo nimeiona kwa kijana jirani yangu, kwa hivyo acha niongeze kidogo.

Makala hiyo imeruka suala la plastiki kushika kitambaa. Ukichapa juu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kama jinzi, plastiki inakaa juu juu tu. Ukikunja mara kadhaa inabanduka kama gamba la samaki. Kijana huyu anatumia neti. Anachapa matabaka mawili ya kwanza, anasimamisha mashine, anatandaza neti na kuibana pembeni isicheze, kisha anaendelea. Plastiki ya juu inapenya kwenye matundu na kuungana na ya chini, neti ikabaki katikati kama nyama ndani ya sambusa. Hiyo haitoki. Nimeivuta kwa koleo mwenyewe.

Halafu kuna aina ya plastiki. Ile iitwayo PLA ni rahisi kuchapa lakini ni ngumu, haipindi, na hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, basi pasi usiisogeze. Nyingine, TPU, ndiyo inayopinda kama mpira, ila huchapwa polepole mno. Ua moja la ukubwa wa kiganja tulilingoja mpaka chai ikapoa, na stima ikapotea likiwa nusu (kwetu hilo si habari).

Lakini kazi ya soli kijana huyo aliniletea mimi. Gundi pekee haikushika, nikapiga uzi.