Husafisha data

Ijumaa moja saa kumi jioni, ajenti wetu wa akili unde alifuta hifadhidata nzima ya majaribio. Nilikuwa nimemwambia aondoe rekodi za malipo zilizojirudia katika mfumo wa hesabu tunaoitunzia sacco moja ya matatu, kisha nikatoka kutafuta mahindi choma. Niliporudi, rekodi zilizojirudia hazikuwepo. Wala zile zisizojirudia.

Nilimlaumu, bila shaka. Nikawaambia wenzangu ofisini kwamba hizi programu bado changa, tusiziamini na kitu chochote cha maana. Jumatatu ndipo nilipofungua faili la zana tulizompa. Moja iliitwa "safisha". Maelezo yake, niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, yalikuwa maneno mawili: "Husafisha data." Mimi nilijua ni ya kufagia kila kitu kabla ya kuanza majaribio upya. Yeye aliambiwa asafishe, akaona safisha, akasafisha.

Ninaposema ajenti simaanishi yule wa kibanda cha M-Pesa. Huyu ni programu inayotumia modeli ya lugha kuandika msimbo, na hupewa zana za kufanyia kazi: ya kusoma faili, ya kuendesha majaribio, ya kuuliza hifadhidata. Modeli ikitaka kuchagua zana, inachokiona kwa kawaida ni jina, maelezo na orodha ya vigezo, yaani nafasi za kujaza kabla zana haijafanya kazi. Yaliyo ndani ya zana haiyaoni. Kwa hiyo yale maneno mawili yangu hayakuwa pambo la pembeni. Ndiyo yaliyokuwa kila kitu.

Ukimtuma kijana wa gereji Kirinyaga Road akakununulie "beringi ya mbele", ataleta beringi, na itakuwa ya mbele, ila ya gari la mtu mwingine. Fundi mzoefu hamwelezi sana. Humpa ile mbovu mkononi aende nayo dukani. Tangu siku ile kila kigezo ninachoandika nakiwekea beringi mbovu, yaani mfano mmoja kamili wa thamani inayotakiwa, jinsi inavyopaswa kuandikwa.

Chukua suala la saa. Zana yetu ya kupanga kazi ya kunakili data ilikuwa na kigezo kinachoitwa "saa", na maelezo yake "saa ya kuanza". Mwenzangu akamwambia ajenti apange kazi ianze saa mbili usiku. Ilianza saa kumi na moja alfajiri, wakati matatu za kwanza zinatoka Rongai na malipo yanaanza kumiminika. Makosa mawili yalipandana: ajenti aliichukua mbili yetu ya Kiswahili akaandika 02:00, na seva yenyewe inafuata majira ya UTC, ambayo Nairobi iko mbele yake kwa saa 3. Sasa maelezo yanasema: mfumo wa saa 24, majira ya UTC, mtumiaji akisema saa mbili usiku ya Nairobi, andika 17:00. Ni sentensi moja tu, na imetuokoa mara nyingi kuliko kikao chochote cha Jumatatu asubuhi.

Nambari za simu nazo zilitutoa jasho. Wateja huandika zikianza na 07, wengine na +254, wengine huacha nafasi katikati kama wanaandika shairi. Daraja, mlango wa Safaricom ambao programu hupitia kuomba malipo ya M-Pesa, hutaka nambari ianze na 254, bila jumlisha na bila sifuri. Hilo tulilieleza vizuri. Lakini tuliandika pia kwamba nambari ya Kenya "huanza na 07". Ajenti akatuamini, akaandika ukaguzi unaokataa kila nambari ya 01. Aliyegundua ni dada anayepokea simu za wateja. Alisimama mlangoni akauliza, "Kwani hizi za 01 si namba?"

Hapo ndipo nilipofikia msimamo ambao wenzangu kadhaa wanaupinga: maelezo ya zana asiyaandike aliyeitengeneza. Huyo anajua mno, na anachokijua hakioni tena. Nilimwomba yule dada anieleze zana zetu kwa maneno yake mwenyewe. Hakuanza na kazi ya zana. Alianza na pale watu wanapokosea. "Hii ya kutafuta kwa namba ya simu usiitumie kama mtu amelipiwa na mwenzake, utapata ya mwenzake. Muulize zile herufi na tarakimu kumi za ujumbe wa M-Pesa." Nilinakili jinsi alivyosema. Ni maelezo bora kuliko yote niliyowahi kuandika, na hajawahi kuona mstari mmoja wa msimbo.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito: maelezo husafiri na kila ombi, na kila neno hugharimu tokeni, vile vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma na kuhesabu (si za stima, ingawa hizi nazo huisha ukizihitaji zaidi). Kweli. Ila dawa yake ni kupunguza zana, si kupunguza maneno. Tangu kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP, njia ya pamoja ya kuunganisha modeli na zana, mnamo Novemba 2024, ni rahisi mno kuchomeka seva ya mtu mwingine ikaja na zana lukuki, nusu yake zikifanana kama pacha. Sisi wenyewe tulikuwa na tatu za kutafuta malipo. Moja tumeifuta, na hakuna aliyeiulizia.

Na maelezo si kufuli. Nimeona watu wakiandika "USITUMIE BILA RUHUSA" kwa herufi kubwa wakalala usingizi. Hiyo ni bango la "Mbwa Kali" kwenye geti la nyumba isiyo na mbwa. Zana yetu ya kufuta sasa inagoma yenyewe, kwenye msimbo, ikielekezwa kwa hifadhidata yoyote isiyo ya majaribio, na hata hiyo haifutwi mpaka binadamu aandike jina lake kwa kidole.

Haiitwi safisha tena. Inaitwa "futa_hifadhidata_yote_ya_majaribio", jina baya, refu kama foleni ya Mombasa Road, na mwenzangu mmoja bado ananung'unika kila akiliona. Nilimwonyesha yule dada kabla ya kulihifadhi. Akasoma, akaniangalia. "Yote, yote?"

Nikaongeza sentensi: "Ndiyo, yote. Hakuna nakala inayobaki."