Mgao wa 60 kwa 40 Burundi: kinga ilikuwa kwenye viti au kwenye kura?

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, Rwanda iliondoa kabila kwenye kitambulisho. Ilikuwa na sababu: neno moja kwenye kadi hiyo, iliyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, lilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Jirani yake Burundi alikwenda kinyume. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, uliosuluhishwa na Nyerere na, alipofariki, na Mandela, uliamua makabila yahesabiwe hadharani.

Katiba ya 2005 ikaweka hesabu hiyo: bungeni Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, na Watwa watatu wa kuteuliwa, Seneti nusu kwa nusu, jeshini kabila moja lisizidi nusu. Kwenye orodha ya wagombea wa chama, katika kila majina matatu yanayofuatana, wawili tu ndio wanaruhusiwa kuwa wa kabila moja. Uwiano usipotimia baada ya kura, wabunge wa nyongeza huteuliwa.

Wapinzani wa mgao husema Watutsi, wanaokadiriwa kuwa asilimia 14 hivi, wamepewa kupita kiasi, na kwamba ukabila unafugwa na sheria yenyewe. Hoja ya pili ina uzito. Oktoba 2018 serikali ya Burundi ilisimamisha mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali, ikayataka yaajiri kwa 60 kwa 40. Kipimo cha kugawana madaraka kikageuka orodha ya makabila ya wafanyakazi.

Lakini Rwanda nako, nani atakagua upendeleo usiohesabiwa? Anayelalamika kwamba watu wa kundi lake hawaonekani ofisini anaweza kujikuta akijibu shtaka la kuleta migawanyiko.

Upande wa Burundi, ushahidi mzito kwamba mgao ulisaidia ni wa 2015. Waliopinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza walikuwa Wahutu na Watutsi, na jaribio la mapinduzi la Mei liliongozwa na Jenerali Niyombare, Mhutu aliyepigana msituni na CNDD-FDD, chama tawala hichohicho. Mpasuko ulipita ndani ya chama na jeshi. (Baadaye maofisa wa jeshi la zamani, la kabla ya mgao, wengi wao Watutsi, waliandamwa; tusijidanganye kwamba kabila lilikuwa limekwisha.)

Linalosahaulika ni kwamba viti peke yake havikuwa kinga ya Watutsi walio wachache. Chama tawala hujaza nafasi za Watutsi kwa Watutsi wake. Kinga ilikuwa sharti la theluthi mbili kupitisha sheria: wenye asilimia 40, wakishikamana, waliweza kuzuia. Katiba ya 2018 iliacha 60 kwa 40 palepale, ila sheria za kawaida sasa zinapita kwa wingi wa kura tu. Sitini zinatosha.

Katiba hiyohiyo iliipa Seneti miaka mitano kutathmini kama mgao uendelee au ukome. Ukilazimika kupunguzwa, wa bungeni unaweza kutangulia, kwa kuwa umeshapungua nguvu. Wa jeshini uwe wa mwisho kuguswa: mauaji ya Wahutu ya 1972 na kifo cha Rais Ndadaye, Mhutu, 1993 vilitoka kwenye jeshi lililoshikwa na kabila moja, Watutsi.