Petisheni ina siku saba. Siri ina miaka mingapi?

Wikendi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, TV iko juu ukutani, habari za nje zinapita, na kwa benchi watu wanabishana kama kawaida yetu. Jamaa mmoja wa boda, mtu mwenye akili zake timamu kabisa, akasema ati kama kuna serikali huko nje inaweza kuingiza pesa chini ya maji 2027 itusaidie kumtoa mtu fulani, yeye hana shida, waje hata kesho. Benchi nzima ikacheka, ikakubali. Kulikuwa na mzee pale ambaye nilidhani atasema kitu, akanigeukia tu, "Kijana wangu, mfa maji haachi kutapatapa." Mimi nilinyamaza manake wembe ulikuwa shingoni. Sasa wembe umetoka.

Sitaanza na hotuba ya uhuru wa taifa. Hiyo wachieni wanasiasa, wao ndio huikumbuka wakishikwa na kitu mfukoni. Na tena tusidanganyane, hakuna nchi kubwa haijafanya huu mchezo. Kuna mtafiti anaitwa Dov Levin alikaa chini akahesabu uchaguzi wa kitaifa wa 1946 hadi 2000 ambao Marekani ama Urusi waliingilia, akapata 117. Marekani 81, Urusi 36. Karibu theluthi mbili ilifanywa kwa siri. Kwa hivyo ukikuja kunibishia ni nani mbaya kuliko nani, tutakaa hapa mpaka ziwa likauke.

Kinachoniuma ni hiyo siri. Na si siri ya heshima na adabu, nasema siri ya saa, yaani inakaa muda gani kabla ijulikane.

Kura iko na saa yake. Katiba yetu kifungu cha 140 inasema ukiona matokeo ya urais hayaeleweki una siku 7 kupeleka petisheni, na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Basi. Hizo ndizo siku ambazo mwananchi anaweza kusema hapana hii imepikwa. Mwaka wa 2017 tuliona vile inafanya kazi, watu wakaleta fomu 34A na 34B, zile za matokeo ya vituo na maeneo bunge, wakaulizia seva ya tume ya uchaguzi mpaka koo zikakauka, na tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakafuta ule uchaguzi, na huku kwetu watu wakakimbia barabarani utadhani Gor Mahia wamechukua kombe la Afrika. Ilikuja kuwa nini baadaye mnajua, sitaki kufungua hicho kidonda. Lakini angalau kulikuwa na karatasi ya kushika mkononi, ukaiinua, ukasema hii hapa.

Sasa chukua Chile ya 1964. CIA, majasusi wa Marekani, ililipa zaidi ya nusu ya pesa za kampeni ya urais ya Eduardo Frei ndio mpinzani wake wa mrengo wa kushoto, Allende, asishinde. Zaidi ya nusu! Na unajua chenye kilinimaliza nguvu? Mgombea mwenyewe hakuambiwa. Hiyo si stori ya mtandaoni, ni kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, ile ya Seneta Church, iliandika hivyo mwaka wa 1975. Frei anapanda jukwaani anafikiri watu wamempenda, kumbe kuna mtu amelipia zile bendera zote na hata yeye hajui ana deni. Sasa mpiga kura wa Chile aliambiwa lini? Miaka 11 baadaye. Na hiyo 1975 angefanya nini na hiyo habari, Allende ashakufa tangu 1973, Jenerali Pinochet amekalia nchi, hakuna uchaguzi wa kupiga hata kama unataka. Petisheni ataipeleka wapi? Kwa jenerali?

Chama kilichotawala Japani miaka na miaka, LDP, kililetewa pesa na CIA miaka ya 50 na 60, gazeti la New York Times likaanika hiyo mambo 1994. Hao waliopiga kura miaka ya 50 wengi walikuwa wameshazikwa. Na Guyana ndio hunikasirisha zaidi manake ile ilikuwa koloni kama sisi tu. Cheddi Jagan, kiongozi wa chama kikubwa cha huko, alikuwa anashinda kura, Kennedy akaogopa ukomunisti, Waingereza wakakubali kubadilisha mfumo wa kura kabla ya kuwapa uhuru, na CIA ikachochea huko chini. Mwaka wa 1964 chama cha Jagan kikapata kura nyingi kuliko chama kingine chochote na bado mpinzani wake Burnham ndiye akapewa serikali, kwa muungano. Burnham akakaa mpaka alipokufa 1985. Halafu 1990 Arthur Schlesinger, mmoja wa washauri wa Kennedy wa wakati ule, akamwomba Jagan msamaha, wakiwa kwa chakula cha mchana. Yaani watu wamepoteza miongo miwili na kitu, wewe unakuja na pole na sahani ya chakula. Asante sana, karibu tena.

Hapo ndipo yule jamaa wa boda anakosea. Yeye anafikiri akisaidiwa kwa siri ataamka asubuhi amepata kiongozi anayemtaka. Anasahau kwamba aliyesaidia anajua, yeye hajui, na huyo kiongozi pengine pia hajui mpaka siku atakapopigiwa simu akumbushwe. Hiyo simu utaiona wapi wewe? Na mwaka ule mwingine wakimsaidia yule usiyemtaka, kwa njia ileile, kwa pesa ileile, utasema nini na wewe ndiye uliyewafungulia geti?

Sisemi wa nje wafunge mdomo. Hapa Kisumu tuna hospitali kubwa, jina rasmi ni la Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani wa zamani, lakini simamisha mwenye tuktuk umwambie "nipeleke Russia", atakupeleka moja kwa moja bila swali. Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, mchana kweupe, kila mtu alijua. Kenyatta alipokuja kuifungua Oktoba 1969, Jaramogi na yeye wakarushiana maneno hadharani, na damu ikamwagika, siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, kikapigwa marufuku. Uchungu wa ile siku uko mpaka leo na siwezi kuufanyia mzaha. Lakini lile jengo lenyewe unaweza kulibishania, unaweza kusema tulinunuliwa ama tulisaidiwa, liko hapo na mamako alijifungulia hapo. Zile pesa zingine za siri za vita baridi, za Mashariki kwa Jaramogi na za Magharibi kwa mshindani wake Tom Mboya, ndizo mpaka leo wazee wanapigania kwa matanga nani alipewa ngapi, kila mtu na hesabu yake.

Mwingine aliyeongea waziwazi ni Johnnie Carson, mkuu wa masuala ya Afrika katika serikali ya Marekani, kabla ya uchaguzi wetu wa 2013, alipotuambia kwa upole ati chaguo lina matokeo yake. Alikuwa anawalenga Uhuru na Ruto. Mimi hao wawili sikuwapigia kura, huku wengi hatukuwapigia, lakini hata mimi ile kauli ilinikera. Watu wakamjibu kwa redio, kwa mikutano, kwa Twitter, pengine hata akawaongezea kura. Sawa! Alisema, tukajibu. Umjibu vipi mtu ambaye hujui ameongea?

Na hapa naomba watu wangu mnisikize vizuri. Mwaka wa 2016 Urusi walipoingilia uchaguzi wa Marekani, huku tulicheka sana. Tukasema karibuni kwa klabu, mmeonja dawa yenu. Nilicheka pia na sioni aibu. Lakini soma vile ile kazi ilifanywa. Kulikuwa na watu wamekaa ofisini St. Petersburg wanajifanya Wamarekani weusi, wamefungua ukurasa wa Facebook unaitwa Blacktivist, wanalia na watu juu ya polisi kuua vijana, wanawaita ndugu, halafu kura zikikaribia kurasa kama hizo zinaanza kuwaambia kupiga kura ni kupoteza muda. Kamati ya Seneti ilisema hakuna kundi lililolengwa kuliko Wamarekani weusi. Mama mweusi wa Detroit anayesoma ukurasa huo si yeye aliyepeleka pesa Chile. Wakuu wa CIA wa 1964 hawakuumia hata ukucha. Aliyeumizwa ni mtu ambaye angekuwa shangazi yako, amedanganywa na mtu aliyevaa ngozi yake.

Haya, nikubali kitu, ingawa sitaki. Kuna nchi ambayo rais ameiba kura mara nne, magazeti yamefungwa, wapinzani wako ndani, na mtu wa nje akileta pesa waziwazi anawaua aliotaka kuwasaidia. Hapo sina jibu safi. Ila hata Chile hiyohiyo, 1988, kampeni ya Hapana iliyomwangusha Pinochet ilikuwa na pesa za Marekani ndani, na zilipitia Bunge lao, zikajulikana. Kwa hivyo inawezekana.

Na msinigeuze niwe msemaji wa serikali. Vijana walipoingia barabarani 2024, serikali ilikimbilia kusema Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, ndio wanalipa. Ushahidi? Nangoja bado. "Mkono wa nje" ni fimbo tamu kwa mtawala yeyote, na anaipenda hasa kwa sababu siri haina karatasi, anaweza kumshtaki yeyote. Romania walifuta raundi ya kwanza ya urais Desemba 2024, wakisema kuna kampeni ya kutoka nje kwa TikTok, wakategemea ripoti za majasusi wao. Pengine ni kweli. Lakini mpiga kura wa kawaida akaombwa aamini faili la jasusi dhidi ya kazi ya jasusi mwingine. Maraga angalau alituonyesha fomu.

Kwetu hapa tungeanza na kitu kidogo. Tuko na sheria ya pesa za kampeni tangu 2013. Ikitumika, mgombea anasema amepata wapi. IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikaweka viwango 2021, mgombea urais asipite shilingi bilioni 4.4, wabunge wakazitupa hizo kanuni nje. Kwa hivyo 2027 inakuja na hakuna mtu atajua kama helikopta iliyotua shuleni kwenu imelipwa na Eldoret, Dubai ama Moscow. Nilimuuliza mheshimiwa mmoja swali hilo kwa ukurasa wake, kwa heshima kabisa, nikaanza na "shikamoo". Amenibloki.