Wafo Tisa za McCaffrey

Msimamizi wetu ghalani aliponiambia Jumapili kuna drafti nyumbani kwake, niliitikia kabla hajamaliza kusema. Drafti? Mimi niliyewalaza wazee wa Makorora kwa vizibo vya soda tangu niko darasa la tano? Nikamwambia nakuja, na wajiandae kulia. Mke wangu akanikaangia sambusa za kupeleka.

Nilipofika nikakuta watu kumi na mmoja wamezunguka meza, kila mmoja na kompyuta yake, na ukutani karatasi kubwa imejaa majina. Hakuna ubao, hakuna kete. Kumbe drafti yao ni kuchagua kwa zamu wachezaji wa ule mpira wao wa kofia ngumu, ligi ya NFL. Ligi ya fantasi, yaani unajiundia kikosi cha wachezaji wa kweli na wanachofanya uwanjani kinakuwa pointi zako. Dola 50 kila mtu, na anayeshika mkia ana adhabu. Nikauliza adhabu gani, wakacheka tu. Ilikuwa tarehe 1 Septemba 2024, hapa Houston, nami nina mwaka wa pili Marekani. Ningeweza kuziacha sambusa mezani nikaondoka na heshima yangu. Lakini nimecheza fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza miaka sita, nikaona mpira ni mpira.

Tukachota vikaratasi kwenye kofia. Nikatoa namba 1. Nyumba nzima ikaguna.

"Chukua McCaffrey," jamaa wa foklifti akaninong'oneza.

Nikamtafuta kwenye orodha: Christian McCaffrey, San Francisco 49ers, raningi beki. Nikapaza sauti, "Zamu ya kwanza kabisa nichukue beki?" Kwenye fantasi yangu beki unamtafuta wa bei poa, akikuletea klinishiti, yaani timu yake isifungwe, unamshukuru Mungu, basi. Ikabidi nifundishwe kama mtoto. Raningi beki ni jina tu. Huyo ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi akimbie nao mbele, huku mijitu ya kilo 130 na zaidi inamtafuta imwangushe. Kila yadi 10 ni pointi moja, tachidauni, yaani kufika na mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, pointi 6. Na McCaffrey msimu wa 2023 alikimbia yadi 1,459, hakuna aliyemfikia ligi nzima, akafunga tachidauni 21 ukijumlisha na za kudaka. Nikasema haya, leteni huyo beki.

Ukichagua wa kwanza kati ya watu 12, raundi ya pili foleni inarudi kinyumenyume na zamu yako inayofuata ni ya 24, kwa hiyo nilikuwa na muda mrefu wa kuwacheka wenzangu. Jamaa wa foklifti alimchukua Derrick Henry, mwenye miaka 30, ndiyo kwanza kahamia Baltimore. Nilikuwa nimejifunza dakika ishirini zilizopita kwamba raningi beki akigusa 30 magoti huanza kumdai, na mimi nikipata elimu sikai nayo. "Umesajili babu," nikamwambia, "mtafutie na mkongojo." Dada wa ofisi ya mishahara akamchukua Saquon Barkley kwa sababu kahamia Philadelphia, na yeye kwao ni Philadelphia. Nikamsikitikia kimoyomoyo. (Babu alimaliza msimu na yadi 1,921. Barkley 2,005. Nazitaja sasa hivi zinipite.)

Raundi ya mwisho nikamchukua Jordan Mason, msaidizi wa McCaffrey huko huko San Francisco. Sikumchukua kwa akili. Jina lake lilikuwa linatamkika.

Wiki ya kwanza 49ers walicheza Jumatatu usiku, tarehe 9 Septemba, mechi ya mwisho ya wiki. Nilikuwa nyuma ya mpinzani wangu wa wiki ile kwa pointi 9. Pointi 9 kwa McCaffrey ni kifungua kinywa. Zamu yangu kazini huanza saa kumi jioni na simu tunazifungia makabatini, kwa hiyo kabla ya kuingia nikachungulia kikosi. Kando ya jina la McCaffrey kulikuwa na herufi Q.

Sasa nielewe. Kwenye fantasi niliyoizoea, herufi unayoiona kando ya jina ni C, yaani kepteni, pointi zake mara mbili. Q sikuwahi kuiona. Nikaitafakari pale mbele ya kabati nikiwa na viatu vya usalama mkononi, nikaamua mambo mawili: ama ni cheo kuliko ukepteni, au mtu wangu amekwalifai. Nikafunga kabati, roho nyeupe.

Q maana yake haijulikani kama atacheza. Saa moja na nusu hivi kabla ya mechi wakatangaza hachezi: shavu la mguu na kano ya kisigino. Aliyeingia badala yake ni Mason. Yadi 147 na tachidauni moja.

Zamu ilipoisha usiku nikafungua simu. McCaffrey sifuri. Sikutishika hata kidogo, maana kwa Waingereza asiyecheza anatolewa, na wa benchi anaingizwa na mtandao wenyewe. Nikakaa kwenye gari nimsubiri Mason aingie. Nikazima simu nikaiwasha. Nikafuta programu nikaipakua upya. Nilikuwa bado pale maegeshoni, taa za ndani zinawaka, ujumbe ukaingia kutoka kwa jamaa wa foklifti: "Benchi lako limecheza vizuri sana leo."

Ligi yetu haina cha kuingia wenyewe. Usipomwingiza kwa kidole chako kabla ya mechi, pointi zake ni za kutazama.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo kumshika Mason. Mimi niliona aibu imetoka kwake. Alhamisi nikambadilisha kwa jamaa wa foklifti, yeye akanipa Isiah Pacheco wa Kansas City, kijana anayekimbia kama ana ugomvi na nyasi, anaikanyaga kwa hasira. Nilifikiri hivi: McCaffrey anarudi wiki ijayo, Pacheco yupo, nina injini mbili. Jumamosi McCaffrey akawekwa kwenye orodha ya majeruhi, mechi nne hayupo kwa uchache. Jumapili Pacheco akavunjika mfupa wa mguu.

Nilikaa na hao wawili kikosini kama mwenye wodi. Mara nasikia McCaffrey kapelekwa Ujerumani kwa daktari wa visigino, na nikajikuta namwombea mtu ambaye mshahara wake wa wiki moja ungejenga mtaa wetu mzima. Wakanishauri nimwache. Ningemwachaje? Nilishamtolea namba 1. Tarehe 10 Novemba akarudi, nami nikanunua soda za kundi zima. Alicheza mechi nne. Tachidauni hakuleta hata moja. Tarehe 1 Desemba, Buffalo, theluji inaanguka kama pamba za mto uliopasuka, goti likamsaliti, msimu ukaisha. Usiku huo huo, mechi hiyo hiyo, Mason naye akaumia kifundo cha mguu. Sitasema nilifurahi. Nilimtumia tu jamaa wa foklifti picha ya theluji.

Nikashika mkia. Adhabu yenyewe: saa 24 ndani ya hoteli moja ya barabarani isiyofungwa, ila kila wafo unayokula inakukatia saa moja. Wafo ni mkate ule wenye vishimo kama sega la nyuki, unamwagiwa shira. Nilipiga hesabu: mimi ni mtu wa Tanga, sinia la wali wa watu watatu nalimaliza na mfupa naunyonya. Wafo 14, saa 10, nyumbani mapema.

Nikaingia Jumamosi tarehe 18 Januari, saa mbili usiku. Mji ulikuwa umenuna, maana jioni ile Houston walikuwa wametoka kufungwa 23 kwa 14 na Kansas City. Pacheco alikuwepo, mzima kabisa, mguu umepona.

Wafo tatu za kwanza nilikula naimba. Ya nne nikaacha kuimba. Ya tano nikafungua mkanda. Ya sita shira ilikuwa imefika masikioni. Ilipofika saa sita usiku, ambayo kwetu ni saa tatu asubuhi, mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Uko wapi?"

"Niko hotelini mama, nimefungwa mpaka kesho."

"Nani kakufunga?"

"McCaffrey."

Kimya. "Makafiri?"

"Hapana mama, ni jina la mtu. Christian McCaffrey."

"Mkristo gani huyo? Hapa jirani zetu pande zote Wakristo na hawajamfunga mtu." Akaanza kunisomea dua, mimi natafuna.

Alfajiri nilikuwa na wafo tisa na sioni ya kumi itapita wapi. Yule mama mhudumu, ambaye usiku kucha alikuwa akiniongezea kahawa bila kuniuliza kitu, akaja na leso yake begani, akahesabu sahani.

"Nani kakuweka hapa?"

"McCaffrey."

Akaketi kiti cha mbele yangu, taratibu, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Naye alimchukua namba 1. Akarudi jikoni akaniletea wafo ya bure, ya pole. Nikamwonyesha tumbo. Akaikata katikati, akala nusu yake palepale, mimi nikaimeza nusu yangu kwa maji.

Nikaandika kwenye kundi nikiuliza kama nusu inakata dakika thelathini. Wakapiga kura. Kura 11 za hapana kwa sifuri, hata dada wa mishahara.