Wabaski waulizwe wenyewe

Juzi kwenye kibanda umiza, Athletic Bilbao, klabu ya Wabaski, watu wenye lugha yao wanaoishi mpakani mwa Hispania na Ufaransa, wakiwa uwanjani, jamaa mmoja alikata mjadala kwa sauti: "Hawa ni Wahispania tu, ukabila ndio unawasumbua." Watu wakaitikia. Nilifika nyumbani bado nimekasirika, maana kauli hiyo naisikia kila Wabaski wanapotajwa, tena kutoka kwa watu ambao wao wasingekubali kuambiwa hivyo.

Mpira ndio ulioleta maneno, basi tuanze nao. Tarehe 5 Desemba 1976 Real Sociedad, klabu nyingine ya Wabaski, waliwakaribisha Athletic katika uwanja wa Atotxa, San Sebastián. Franco, dikteta wa Hispania, alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, lakini bendera ya Wabaski, ikurriña, bado ilikuwa marufuku. Dada wa mchezaji mmoja wa Sociedad aliishona, ikaingizwa uwanjani kwa siri. Timu zilipotoka, manahodha Iribar na Kortabarria, mahasimu wa jadi hao, waliishika pamoja, huyu upande huu na yule upande ule, wakaitembeza hadi katikati huku wakijua wanaweza kukamatwa. Mwezi uliofuata serikali ikairuhusu. Nani anahatarisha uhuru wake namna hiyo kwa ajili ya kujidai?

Walijua walichonyang'anywa. Mwaka 1938 utawala wa Franco uliamuru majina ya Kibaski yasiandikishwe kwenye daftari la vizazi: mtoto anayeitwa Iñaki nyumbani, kwenye cheti awe Ignacio. Mwaka mmoja kabla, ndege za Ujerumani na Italia, zikimsaidia Franco, ziliuteketeza mji wa Wabaski wa Gernika, wenye mwaloni ambao chini yake haki za jimbo lao la Bizkaia ziliapiwa kwa karne nyingi. Serikali haihangaiki kufuta majina ya watu ambao hawapo.

Katiba ya Hispania ya 1978 inakiri kwamba ndani ya nchi zipo jamii zenye utaifa wao, ila haiitaji hata moja kwa jina, na katika ibara hiyohiyo inasisitiza umoja usiovunjika wa taifa la Hispania. Desemba 2004 bunge la Wabaski, wakati wa uongozi wa Juan José Ibarretxe, lilipitisha pendekezo la uhusiano mpya na Madrid, lenye haki ya kujiamulia. Februari 2005 bunge la Hispania likalikataa kwa kura 313 dhidi ya 29. Wananchi wa huko hawakupata kulipigia kura. Hapo ndipo ninapokereka. Wapinzani wana hoja, sikatai: hata kwao lilipita kwa kura 39 dhidi ya 35, na katika mkoa jirani wa Navarra wapo wengi wasiotaka kuitwa Wabaski. Basi waulizwe! Wakikataa wenyewe, yameisha.

Upande wa Ufaransa ni kubaya zaidi. Kati ya Irun, mji wa Hispania, na Hendaia, mji wa Ufaransa, kuna mto Bidasoa tu, daraja unalivuka kwa miguu. Mtoto wa Irun anaweza kusoma kwa Kibaski tangu chekechea, na lugha hiyo ni rasmi pamoja na Kihispania. Kwa mwenzake wa Hendaia, pengine binamu yake, lugha rasmi ni Kifaransa peke yake, na Mei 2021 Baraza la Katiba la Ufaransa lilitamka kwamba kufundisha muda wote kwa lugha kama Kibaski kunakiuka katiba. Inaniuma sana hii.

Najua mtu ataniletea ETA, kundi la silaha lililodai uhuru wa Wabaski. Iliua watu zaidi ya 800 na sina neno la kuitetea. Iliacha mashambulizi 2011, ikajivunja 2018. Dai la utaifa lilikuwepo kabla yake na bado lipo. Kuwabebesha Wabaski wote damu ile ni dhuluma. Na ndiyo, upande wa Hispania wanakusanya kodi zao na wana polisi wao. Hilo nalikubali.

Desemba 2024 shirikisho la kimataifa la pelota, mchezo wao wa asili wa kupiga mpira ukutani, liliwapokea kama mwanachama. Nilifurahi kweli. Wazanzibari watanielewa, wao waliopewa uanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017 wakanyang'anywa Julai kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Kwenye soka, timu ya Wabaski imebaki na mechi za kirafiki. FIFA ina Scotland, ina Wales, ina Visiwa vya Faroe, nazo si dola huru. Iwafungulie mlango na hawa, na vijana wao wanaochezea Hispania leo wachague wenyewe jezi ya kuvaa.