Jenerali asiyeshindwa, na waliombebea mzigo

Wanaomsifu Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wana hoja. Tanga, Novemba 1914, askari wake kama elfu moja waliwarudisha melini wanajeshi wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India. Miaka iliyofuata akakimbizwa hadi Ruvuma, akavuka kuingia Msumbiji, akarudi, na akaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Berlin ikampokea kishujaa.

Husema pia askari wake walimpenda. Mwaka 1964, alipofariki, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee hao. Inasimuliwa kwamba asiye na hati alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa kitamu, hata mimi nimekisimulia barazani.

Ila mpagazi angepimwa kwa kitu gani? Yeye hakufunzwa gwaride. Mbung'o, yaani ndorobo, walimaliza wanyama wa kubeba, kwa hiyo risasi, unga na Mzungu mgonjwa kwenye machela vilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Upande wa Waingereza, wapagazi waliokufa hukadiriwa 95,000, wengi kwa njaa na kuhara kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imerithi jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Na jeshi lisiloletewa chakula hula ghala la mkulima. Ugogo, eneo la Dodoma, majeshi yote mawili, kwa zamu, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua ilipogoma ikaja njaa ya Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000. Mmoja kwa kila watano: kaya ya watu watano, bakuli moja halipakuliwi tena. Ludwig Deppe, daktari wa jeshi hilohilo la Lettow, aliandika kuwa nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa.

Utaambiwa Waingereza nao walipora. Kweli kabisa. Lakini Schnee, gavana wa Kijerumani, alitaka koloni likae nje ya vita. Aliyeng'ang'ania kupigana ni Lettow, na urefu wa vita anaosifiwa nao ndio uliomaliza maghala.

Sanamu ya Askari waliyoisimamisha Waingereza Dar es Salaam mwaka 1927 ina mtu mmoja, mwenye bunduki. Wapagazi wamo kwenye maandishi ya chini: miguu na mikono ya jeshi.