Paka ndani ya chandarua

Chandarua chetu kina viraka vitatu, vyote upande wa miguuni, vyote nimevishona mwenyewe kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umeisha. Aliyekitoboa si panya wala mtoto. Ni paka. Kila usiku kama saa nne na nusu alikuwa akija kando ya kitanda, akiinua mguu mmoja wa mbele, akiuweka kwenye chandarua taratibu kama mtu anayebisha hodi, kisha akizitoa kucha. Nikimfungulia, aliingia akalala. Nisipomfungulia, alijifungulia.

Mke wangu hapendi. "Baba Salma, huyu paka wako ana miguu ya soko la samaki," ananiambia. Nami humjibu kwamba paka huoga kwa ulimi, jibu ambalo nikilifikiria vizuri linazidi kumpa yeye haki.

Naanza na matundu kwa sababu mjadala wa mnyama kulala kitandani na mwenyewe hutufikia ukiwa umeshapikwa kwingine. Hoja zake, za kutetea na za kupinga, zilitungwa kwa vyumba vya madirisha ya vioo, paka wasiotoka nje maisha yao yote na mbwa wenye daktari wao. Hapa Tanga tunalala ndani ya chandarua, dirisha wazi kwa joto, na paka wetu akitoka alfajiri hujui kama ameelekea kwa jirani au kwenye soko la samaki la Deep Sea. Hoja zile zinatufaa, lakini kwanza zipimwe upya.

Tuwape nafasi wanaotetea, maana huku kwetu huchekwa kabla ya kusikilizwa. Mwaka 2017 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 40 wasio na maradhi ya usingizi, kila mmoja na mbwa wake. Kwa usiku saba mtu na mbwa walivaa vifaa vya kupima mjongeo. Mbwa alipolala chumbani lakini si kitandani, mtu alikuwa usingizini kweli kwa asilimia 83 ya muda aliokaa kitandani. Mbwa alipopanda kitandani, ikashuka hadi asilimia 80. Kwa anayekaa kitandani saa nane, tofauti hiyo ni kama robo saa. Mbu mmoja aliyefungiwa ndani ya chandarua hula zaidi ya hapo.

Utafiti huo una mipaka yake. Waliopimwa ni watu waliokwisha kuchagua kuishi na mbwa, si jirani aliyepewa mbwa kwa wiki moja ajaribu. Tena mbwa hufuata ratiba ya bwana wake. Paka ana yake. Paka huchangamka machweo na alfajiri, kwa hiyo saa ile usingizi wako umekolea, yeye ndiyo kwanza anakumbuka kuwa vidole vyako vinatikisika chini ya shuka. Wangu huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Robo saa ya Wamarekani kwangu ni nusu saa.

Lakini faida ya mnyama kitandani haimo kwenye dakika. Bibi yangu, baada ya babu kufariki, alilala peke yake kwenye kitanda cha kamba kilichotosha watu wawili. Paka wa nyumbani, ambaye babu alikuwa akimfukuza kwa kubazi, alihamia upande ule ulioachwa wazi. Watoto na wajukuu tulikuwa tukija mwisho wa mwezi na sukari na mchele, tukiona tumemtunza. Paka alikuja kila usiku. Ukimwambia bibi habari za vijidudu angekujibu kwa methali ya wazee, paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, na asingekuwa anatania. Daktari anayemkataza mjane mzee kulala na paka inampasa ajue ni kitu gani anamnyang'anya.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: mnyama anayelala karibu hukaguliwa. Mimi nimegundua kupe sikioni mwa paka wangu, na jipu shingoni baada ya ugomvi wa paka, kwa sababu tu mkono ulikuwa juu yake gizani. Paka wa uani angekaa na jipu lile mpaka lipasuke.

Sasa upande wa pili. Hapa pwani kuna suala moja linalotangulia la afya, nalo ni twahara, yaani usafi wa ibada. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na paka ana hati yake inayojulikana. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, mkwewe Kabsha akamtazama kwa mshangao, naye akamweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukieni majumbani. Mbwa hana hati hiyo kwa Mashafi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wamaliki, wa madhehebu mengine ya Kiislamu, wana kauli tofauti, kwao mbwa mwenyewe si najisi, lakini huku kwetu Ngamiani hatuishi na Wamaliki. Ndiyo maana mtaani kwetu swali la mbwa kitandani halijafika hata mlangoni. Mbwa hulala nje, akilinda.

Ila naona watu wakivuta hati hiyo ya paka mpaka pasipofika. Kutokuwa najisi ni hukumu ya ibada: unaweza kuswali na unyoya wake kwenye kanzu. Hakumwondolei viroboto.

Na viroboto ndio kiini cha kesi ya wanaopinga, si manyoya wala harufu. Kiroboto unayemwona juu ya paka ni sehemu ndogo ya ukoo wake. Jike hutaga juu ya mnyama, mayai hayana gundi, hudondoka popote mnyama alalapo. Akilala kitandani, hudondoka shukani, kwenye mshono wa godoro, kwenye mkeka ulio chini. Ukimsafisha paka pekee umefagia baraza ukauacha ukumbi. Kiroboto wa paka hubeba hata bakteria wa homa ya mikwaruzo, ambaye hutoka kwenye kinyesi cha kiroboto, akaingia kwenye kucha za paka, na kutoka kwenye kucha akaingia kwako.

Watu wa mkoa huu hatuna haki ya kuwadharau viroboto. Lushoto, saa chache tu kutoka hapa kwa basi, iliingia kwenye tauni mwaka 1980, na mlipuko ulirudi tena na tena kwa miaka mingi. Tauni hubebwa na viroboto vya panya. Paka anayewinda panya hukutana na viroboto hao, na yeye mwenyewe huweza kuugua. Huko New Mexico, Marekani, wachunguzi waliofuatilia wagonjwa wachache wa tauni wa mwaka 2006 waligundua kwamba kulala kitanda kimoja na mbwa kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha na majirani ambao hawakuugua. Sisemi paka wa Ngamiani ana tauni. Nasema kitanda hupokea kila mahali mnyama alikopita mchana.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya. Huko mbwa huishi karibu mno na watu, hulala pamoja na familia, na kwa desturi walitumika hata kuwaramba watoto wachanga kuwasafisha. Ugonjwa wa hidatidi, unaosababishwa na mayai ya tegu mdogo anayekaa kwenye utumbo wa mbwa, ulifikia huko viwango vya juu kabisa duniani. Mayai yakimezwa na mtu huota vifuko vya maji kwenye ini au mapafu, na vingine hukua mpaka vikahitaji upasuaji. AMREF, shirika la afya, walipoanzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, hawakuishia kuwaambia watu wamtoe mbwa nyumbani. Waliwapa mbwa dawa ya minyoo na kuwaelimisha watu, kwa kuwa mbwa humpata tegu huyo kwa kula matumbo na maini mabichi ya mifugo yenye vifuko. Mlango wa ugonjwa ulikuwa machinjioni. Malazini ndiko ulikomfikia mtoto.

Kichaa cha mbwa sina haja ya kukirefusha. Huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Asia na Afrika. Mnyama asiyechanjwa hastahili hata kujadiliwa habari za kitanda, na akikuuma au akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa upande mwingine, kuna hoja moja ya wapingaji inayorudiwa sana na ambayo imelenga pembeni: kwamba mjamzito asilale na paka kwa sababu ya toksoplasma. Ugonjwa upo na ni hatari kwa mimba. Lakini kimelea hutoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye manyoya. Paka aliyeambukizwa hukitoa kwa muda mfupi, wiki moja hadi tatu hivi, na kinyesi huhitaji kukaa siku moja au zaidi kabla ya kuwa cha kuambukiza. Wengi huupata kwenye nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo wa bustani. Mjamzito amwachie mtu mwingine kuzoa kasha la mchanga anamojisaidia paka kila siku, aoshe mchicha, aivishe mishikaki. Nimeshuhudia nyumba ambapo paka alifukuzwa kwa kelele na mishikaki ikaendelea kuliwa nusu mbichi.

Pumu ni habari nyingine, na hapo sina utetezi wowote. Kinachowaletea watu mzio kwa paka ni protini iliyo kwenye mate na ngozi yake, anayoipaka mwili mzima kila anapojiramba. Ni nyepesi, huelea, hung'ang'ania godoro miezi kadhaa hata baada ya paka kuondoka. Nyumba yenye mtoto wa pumu anayechochewa na paka, chumba cha kulala kifungwe. Na mtoto mchanga asilale na mnyama yeyote kwa sababu rahisi: paka hufuata joto, na joto liko usoni kwa mtoto ambaye hajui kugeuza kichwa.

Nikizipanga hoja zote, naona nyingi zinauliza swali la usiku ilhali jibu liko mchana. Paka wa ghorofani Upanga, Dar es Salaam, asiyetoka nje, aliyechanjwa, anayepewa dawa ya minyoo, na paka wangu anayeshinda kwenye mapipa ya samaki, si mnyama mmoja. Kuwatolea hukumu moja ni uvivu, iwe ya ndiyo au ya hapana. Na hapa nakiri kosa la sisi tunaotetea: tunapenda usiku wa paka, tunakwepa mchana wake. Tunamfungulia chandarua, lakini daktari wa mifugo mara ya mwisho alimwona lini?

Hata kujitahidi kuna mitego. Niliwahi kwenda dukani kutafuta dawa ya viroboto, nikapewa ya matone ya mbwa, nikaambiwa "gawa tu nusu". Bahati nilisoma kichupa: permethrin. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Kipimo cha mbwa humtia paka mitetemeko na degedege, na wengine hufa. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa anaweza kudhurika. Muuza duka hakuwa na nia mbaya, hakujua tu.

Na kuna chandarua, ambacho watafiti wa Mayo hawakuwa na sababu ya kukifikiria. Mimi naona hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwetu, kuliko viroboto. Tundu la kucha hulioni gizani, mbu hulipata. Kwa nyumba ya Tanga yenye mtoto, paka anayetoboa chandarua anadaiwa malaria kabla ya kudaiwa ugonjwa wake mwenyewe.

Kwa hiyo nyumbani tumefikia mkataba, baada ya majadiliano ambayo sikushinda. Chumba cha Salma paka haingii. Kwetu analala kwenye kikapu kilichowekwa juu ya kiti, usawa wa kitanda, nje ya chandarua, na ndani yake kuna khanga kuukuu ya mama Salma. Bila hiyo khanga alikataa. Nikinyoosha mkono nje ya wavu namfikia. Jumamosi godoro linaanikwa juani, shuka na khanga vinafuliwa kwa maji ya moto. Anapata chanjo kila mwaka, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na ya viroboto, ya paka, kila mwezi. Tarehe imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani, chini ya ada ya shule.

Mwezi uliopita tarehe ilipita siku nne kabla sijakumbuka. Siku hizo nne mama Salma alikihamishia kikapu jikoni na kufunga mlango, na nilipolalamika akanionyesha kalenda.